Mililita Mbili

Kumkatia dawa za TB siku ya tatu lilikuwa kosa. Nalisema mapema.

Mliokuwepo kwenye kikao cha asubuhi, katika hospitali moja huku kwetu kando ya Kivu, mnaijua kesi. Mgonjwa ana VVU, CD4 chini ya 50, kichwa wiki mbili, shingo imekaza. Kipimo cha kriptokoka kilifanywa saa ileile, seftriaksoni ikaanza, za TB nazo. Kazi safi.

Sasa tuje kwenye mrija. Ulikuwa na maji ya mgongo mililita mbili, hayafiki hata kidole. Nusu ikaenda kwenye seli, sukari na protini. Yaliyobaki yakamiminwa kwenye kartriji ya GeneXpert vivyo hivyo, bila kuzungushwa. Jibu: hasi. Karatasi ikapanda wodini, dawa zikakatwa. Nani alisema hasi ile maana yake hana TB? Bakteria wa TB kwenye maji ya mgongo ni wachache mno. Ukichota kidogo, umechota pasipo na kitu. Ndiyo maana tunadai mililita sita na kuendelea, yazungushwe, na mashapo ndiyo yapimwe. Na sentrifuji ilikuwa meza ya pili tu, imefunikwa kitambaa!

Najua mmechoka kunisikia na wimbo huu. Lakini Kampala walishalipima jambo hili, wakachapisha mwaka 2015: maji yasiyozungushwa, Xpert ilikamata 28% ya wenye TB ya ubongo, yaliyozungushwa, 72%. Hata Xpert Ultra, kartriji mpya zaidi mnayoiapia, huko Mbarara ilikamata kama 70%, matokeo ya 2018. Watatu katika kumi wanaponyoka, tena hapo watu wamefanya kazi yao sawasawa.

Mimi bado nawaheshimu watu wa darubini. Guy Thwaites na wenzake kule Vietnam, mwaka 2004, kwa rangi ya Ziehl-Neelsen, maji mengi na subira, waliwaona bakteria kwa wagonjwa 58 katika kila 100. Darubini ya kawaida, kama ile iliyo dirishani kwetu. Siku hizi kioo kikikaa dakika tano chini ya jicho, watu wanasema umechelewesha foleni.

Mgonjwa wetu alichomwa tena mgongo siku ya tisa. Safari hii mililita nane, zikazungushwa. Chanya. Dawa zikarudi jioni ile, na tayari alikuwa hamtambui dada yake aliyekuwa akimlisha uji.