Kinachostahili Kubaki Nje

Kutoka Ruiru hadi Thika, ukipitia Juja, kuna Zetech, JKUAT na Mount Kenya University, na kote huko vijana wanafundishwa kuandika klasi za programu. Hujifunza mapema kuweka data na fanksheni zake mahali pamoja. Kujua fanksheni ipi ibaki nje ni ustadi unaokuja polepole, nami naona ndio ustadi wenyewe.

Chukua programu ya SACCO ya matatu za barabara hiyo. Klasi ya Akaunti hutunza akiba ya dereva au makanga. Anayeanza huijaza kila jambo: kuweka akiba, kusoma salio, kupima mkopo, kugawa faida, kuchapisha taarifa, kutuma SMS. Mwishowe fanksheni zinafika 40, na zote zina ruhusa ya kugusa akiba.

Fundi aliyekomaa huzipitia moja moja bila haraka. Je, hii lazima iguse akiba yenyewe, au kuuliza salio kunatosha? SACCO nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo kupima mkopo ni kusoma salio na kuzidisha. Inatoka nje, na akaunti inakabidhiwa kwake kila inapoitwa. Tena kiwango hicho huamuliwa na wanachama mkutanoni. Wakikibadilisha, hakuna sababu ya kuigusa Akaunti. Taarifa na SMS zinaifuata. Kuweka akiba kunabaki ndani, maana ni lazima kukatae kiasi kilicho chini ya sifuri. Kufunga akaunti pia kunabaki: akiba hiyo haitolewi mpaka mwenyewe ajiondoe, na sharti hilo linahitaji mlinzi mmoja. Ukiongeza kusoma salio na kuorodhesha miamala, zimebaki nne.

Thamani ya kazi hii huonekana siku ya mabadiliko. Tuseme akiba ilihifadhiwa kwa namba za desimali, ambazo kompyuta haizishiki kikamilifu: 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupata 0.30000000000000004. Mhasibu hawezi kulikubali hilo. Fundi anageuza akiba kuwa senti kamili, anaandika upya fanksheni nne, na zile 36 zinaendelea na kazi bila kuguswa. Huo ni uzuri ambao mteja hatauona kamwe.

Scott Meyers aliitetea hoja hii mwaka 2000 kwa watumiaji wa C++: fanksheni huru, yaani zilizo nje ya klasi, huimarisha ufichaji wa data, kwa sababu hupunguza wanaoweza kuifikia. Kabla yake, Alexander Stepanov alikuwa ameunda maktaba ambayo fanksheni yake ya kupanga imesimama nje ya vekta, nayo hupanga safu na deki vilevile.

Si kila kitu kitolewe. Fanksheni ambayo klasi rithi zitaibadili tabia lazima ikae ndani. Na fanksheni huru ni ngumu kuipata, kwa kuwa ukiandika nukta baada ya jina la akaunti, kihariri huorodhesha za ndani. Kotlin, lugha ambayo Google iliikubali kwa Android mwaka 2017, imelitatua hilo vizuri: fanksheni yake ya nyongeza huitwa kwa nukta, ila haifikii data ya faragha.

Wewe unayeandika programu, fungua klasi yako kubwa kuliko zote uhesabu fanksheni zinazogusa data bila kuhitaji. Zitoe nje.