Maji ya Corot na maji ya Pilipili

Hapa Kinsevere, upande wa kaskazini wa Lubumbashi, tuliweka juu ya meza picha mbili zilizopigwa chapa kitabuni, tukazitazama pamoja. Ya kwanza ni ya Mufransa Camille Corot, Souvenir de Mortefontaine, ya mwaka 1864, inayokaa Louvre kule Paris. Ya pili ni mojawapo ya picha za samaki za ndugu yetu Pilipili Mulongoy.

Corot anaonyesha ziwa lililotulia, ukungu mwembamba, muti mukubwa, na pembeni mama mumoja na watoto wawili. Hakuichora kandokando ya ziwa. Aliikumbuka tu, na jina lenyewe maana yake ni ukumbusho. Kwa hiyo yote inasemwa kwa sauti ya chini.

Pilipili alijifunza katika Hangar, chuo alichokianzisha Pierre Romain-Desfossés pa Elisabethville mwaka 1946. Huyu naye alikuwa Mufransa, lakini hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Basi tazameni: hakuna mbingu, hakuna ng'ambo, hakuna mahali pa kusimama. Mistari midogo imejaza kila nafasi, na samaki wanapita katikati yake.

Wengine wanasema: «Hili ni pambo tu; mufundi ni Corot.» Hatukubali. Corot anatuweka kando ya maji. Pilipili anatutia ndani. Kila muvuvi anajua ya kuwa chini ya maji yaliyonyamaza mukubwa anamutafuta mudogo. Jambo hilo Corot hakulisema, Pilipili amelisema.

Lakini sherti tuseme haki. Katika picha nyingi za Pilipili mutu hayumo, tena mistari ile ile ikirudi mara nyingi inachosha macho. Mama yule wa Corot ni mudogo sana, lakini ukimufunika kwa kidole, ziwa lote linakuwa ukiwa.

Tunasema hayo kwa sababu gani? Hapa kwetu udongo umefunguliwa juu ya shaba, na macho yanazoea upesi kuhesabu mali ya chini, yanasahau ndege na majani ya mutoni. Katekista akitaka kufundisha habari za ziwa la Galilaya, aanze kwa kuuliza watoto: maji gani munayajua ninyi, na nini inakaa ndani yake? Wakikosa jibu, awapeleke mutoni kwanza.