Biblioteke Inayolinda Mabuku Dhidi ya Wanafunzi

Wandugu, leo mniruhusu nisiongee mbegu wala mbolea. Nataka kukosoa mahali ambapo sisi wote tulilipa kila mwaka pamoja na minervali, na ambapo wengi wetu hatukuingia hata mara kumi: biblioteke ya chuo. Sitataja chuo changu. Aliyesoma pale atautambua mlango. Aliyesoma kwingine atafikiri naongea juu ya chuo chake, na hapo ndipo ninapoona kwamba jambo hili ni kubwa kuliko mlango mmoja.

Nilikuwa finalisti wa agronomi. Memwari yangu ilihusu mihogo na udongo wa bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi. Direkta wangu, mtu mzuri lakini mkali, aliniambia mambo mawili siku ya kwanza. Moja: nataka maandishi ya miaka kumi ya karibuni. Pili: nataka ujue udongo wako ni wa aina gani kufuatana na ramani, siyo kufuatana na rangi unayoiona kwa macho. Nikatoka mule nikiwa na furaha. Biblioteke iko, nimelipa, shida iko wapi?

Shida ilianzia kwenye saa. Biblioteke ilifunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu. Masomo yetu yalianza saa mbili na kuisha saa tisa, siku ingine saa kumi. Fanyeni hesabu wenyewe. Ukibahatika kufika, unaacha mfuko wako nje, unaandika jina la kitabu kwenye fishi, papa anaenda nyuma ya rafu na kurudi nacho, ao anarudi mikono mitupu. Wewe mwenyewe hauna ruhusa ya kufika kwenye rafu. Sasa mtu asiyejua kule nyuma kuna nini ataandika nini kwenye fishi? Mara tatu niliandika "udongo, Ruzizi". Mara ya kwanza papa aliniletea kitabu juu ya kakao. Mara ya pili alisema hakuna. Mara ya tatu aliniangalia kwa huruma, akasema: "Mwanangu, ile kitabu iko, lakini haitoke." Mpaka leo sijaelewa kama iliwahi kuwepo.

Pembeni kulikuwa na kompyuta nane, zawadi ya mradi fulani. Siku ya kuzizindua kulikuwa hotuba, fanta na picha nyingi. Kisha zikafunikwa kitambaa cheupe, safi kabisa, kama meza ya bwana harusi. Miaka miwili nilipita pale, sikuona kitambaa kile kikiondolewa isipokuwa siku ya kukifua.

Basi nikaandika kwenye memwari yangu kwamba udongo wa shamba langu ni "mweusi, wa mfinyanzi". Siku ya kutetea, mmoja wa jiri akauliza kama hayo ni maneno ya mhandisi ao ya mama anayefinyanga vyungu. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kusudi nisilie.

Miaka miwili baadaye, nikiwa tayari nafanya kazi na wakulima, mwenzangu mmoja alinionyesha kitu kwenye simu yake. INEAC, ile taasisi ya kilimo ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1933 na kuwa na kituo chake kikubwa Yangambi, ilianza katika miaka ya 1950 kutoa ramani za udongo na mimea, eneo kwa eneo. Bonde la Ruzizi ni kati ya maeneo ya kwanza kabisa waliyoyachora. Ramani hizo zilipigwa skani na kuwekwa kwenye hazina ya ramani za udongo ya Umoja wa Ulaya, kule Ispra, Italia. Bure. Unachagua nchi, unachagua karatasi, unapakua. Nilikaa kwenye ukuta kando ya barabara, mega zangu zikiisha, nikiangalia Luvungi yangu ikiwa imepakwa rangi, na kila rangi ina maelezo yake. Dakika kumi! Mimi nilikuwa nimepoteza muhula mzima.

Hapo watu watasema: kijana, hiyo ni Ulaya, wana pesa. Hapana. Kilichonikosa hakikuwa pesa. Kilinikosa mtu mmoja, ndani ya jengo nililolilipia, wa kuniambia: ramani hiyo iko pale, kuja nikuonyeshe. Kazi hiyo ndiyo kazi ya biblioteke. Kupanga mabuku ni sehemu ndogo tu.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. FAO iliunda mwaka 2003 mpango unaoitwa AGORA, unaofungua majarida ya kilimo kwa vyuo vya nchi zenye mapato madogo. Leo unakaa pamoja na ndugu zake chini ya jina la Research4Life. Congo yetu iko kwenye kundi lisilolipa hata franka moja. Lakini mwanafunzi hawezi kujiandikisha peke yake: chuo ndicho kinaandikishwa, kinapewa neno la siri, kisha kinaligawia watu wake. Sasa sikieni. Siku moja, nikiwa nimeisha kumaliza, asistani mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba sisi pia tulikuwa nalo. Liliandikwa kwenye karatasi, karatasi iko kwenye drawa, drawa ina ufunguo, na ufunguo uko kwa mkubwa mmoja ambaye aliogopa kwamba "wanafunzi watalisambaza". Ndugu zangu! Kulisambaza ndani ya chuo ndiyo sababu ya lile neno kuwepo. Direkta wangu alikuwa ananidai makala za miaka kumi ya karibuni, na makala zenyewe zilikuwa mita hamsini kutoka kwake, ndani ya drawa.

Nisieleweke vibaya: simlaumu papa wa biblioteke. Baadaye tulizoeana, akanieleza maisha yake. Kitabu kikipotea, kinakatwa kwenye kile kidogo anachopata. Kitabu kisiposomwa na mtu hata mmoja kwa miaka ishirini, hakuna anayemwuliza kitu. Wewe ungefanya nini mahali pake? Mimi ningefunga saa nane. Wamemgeuza mlinzi, kisha tunashangaa kwamba analinda. Ni yeye pia aliyeniambia juu ya Ranganathan, Mhindi aliyetoa mwaka 1931, kule Madras, kitabu cha kanuni tano za biblioteke, na moja kati ya zile tano inahusu muda wa msomaji, kwamba usipotezwe. Papa yule alisomea kazi hiyo. Alikuwa anazijua zote tano kwa moyo, na hakuwa na nafasi ya kutumia hata moja.

Sasa niongee juu ya afya, maana watu wetu wakisikia "afya ya mwanafunzi" wanafikiri malaria. Niliishi Kadutu, chumba kimoja, watu wanne. Umeme ulikuja saa tano ya usiku, siku ingine haukuja. Mtoto wa jirani analia, redio ya jirani mwingine inahubiri. Katika hali ile mtu hatafuti kwanza mabuku. Anatafuta kiti, meza, mwanga, kimya, na choo chenye maji. Biblioteke yetu ilikuwa na hivyo vyote, na jenereta juu yake. Saa tisa na nusu vyote vinafungiwa ndani, vinalala salama, sisi tunarudi kwenye redio.

Katika promosyo yetu kulikuwa na dada mmoja, kwangu mimi ndiye aliyekuwa na kichwa kuliko sisi wote. Kwao walikuwa wengi kuliko kwetu. Alipata taa moja iliyokuwa inawaka usiku chini ya ngazi za jengo la utawala, akawa anasomea pale, ameketi kwenye ngazi, kitenge kwenye mabega kwa sababu ya baridi. Mlinzi wa kwanza alikuwa mzee mwema, alimwachia. Mlinzi aliyefuata alianza kumwuliza maswali ambayo msichana peke yake usiku hapendi kuulizwa. Akaacha kwenda. Alianguka mitihani miwili, akaingia sesyo ya pili, kisha akaanza kusema kwamba pengine yeye hakuumbwa kwa masomo. Yule! Aliyekuwa anatufafanulia takwimu wakati asistani mwenyewe amechanganyikiwa! Hakutetea memwari yake. Leo anauza unite na vitenge, ana watoto wawili, anaishi kwa heshima, na sisemi maisha yake yameharibika. Nasema kwamba kilichomvunja moyo kilikuwa kiti na balbu, navyo vilikuwepo, nyuma ya kufuli. Kila mtu alimwambia asali, ajikaze, apumzike. Hakuna aliyefikiri kumwambia mwenye ufunguo afungue mpaka saa mbili ya usiku.

Kama hamuamini kwamba mahali tu panaweza kumtuliza mtu, siku moja mpande Lwiro, kule Kabare, zaidi ya kilomita 40 kutoka Bukavu. Kituo kile kilianza na IRSAC mwaka 1947, leo ni CRSN. Biblioteke yake ni ya zamani, mabuku mengi ni ya wakati wa Wabelgiji, na finalisti wa leo hatapata pale makala ya mwaka jana. Mimi nilienda mara moja kutafuta habari za mvua. Niliketi. Kimya. Hakuna aliyenifukuza. Saa nne zilipita sijui namna gani, na nilipotoka nilitambua kwamba kwa miezi mingi sikuwahi kuketi hivyo, kichwa kikiwa mahali pamoja. Habari za mvua nilipata nusu tu. Usingizi wa usiku ule niliupata wote.

Kitu kingine, halafu nitaacha. Memwari zetu wenyewe. Kila mwaka kila chuo kinapokea nakala za wanafunzi wake, ngumu, zenye jalada la bluu ao nyekundu, tulizozilipia kwa jasho la wazazi. Zetu zilikuwa kwenye magunia chini ya dirisha lililovunjika. Ndani ya magunia yale kuna mavuno ya mashamba ya Kabare, Walungu na Uvira, mwaka kwa mwaka, vitu ambavyo hauwezi kuvipata Brussels wala Ispra. Hakuna orodha. Matokeo yake mnayajua: katika promosyo yangu tulikuwa watano wenye kichwa kimoja cha maharagwe na NPK, tofauti ilikuwa jina la kijiji. Wa kwanza wetu aliifanya vizuri. Wanne wengine walirudia kwa sababu hawakujua. Mtafiti mgeni akija anasema eneo hili "halina takwimu". Zipo, papa, ziko kwenye gunia, panya wanazisoma.

Mwezi wa pili wa 2025, vita ilipofika Bukavu, masomo yalisimama na milango ikafungwa kweli kweli. Nilishangaa kuona nani aliendelea kufanya kazi. Ni wale wachache waliokuwa na makala zao kwenye simu. Wengine walingojea ufunguo. Na msiniambie kwamba bila intaneti hakuna la kufanya: tangu 1999 chuo cha Cornell, Marekani, kilikuwa kinatoa TEEAL, mkusanyiko wa majarida ya kilimo ambao ulitembea bila intaneti, kwanza kwenye sidii, baadaye kwenye diski moja. Diski moja ya namna hiyo, ramani za INEAC ndani, memwari zetu zilizopigwa picha kwa simu za wanafunzi wenyewe, ingegharimu chini ya ile karamu ya fanta.

Nilimwandikia mkubwa mmoja wa chuo juu ya saa za kufungua. Alijibu kwa upole kwamba bajeti haina mlinzi wa usiku. Nikamwuliza kwa nini basi jengo la utawala lina mlinzi, tena wawili. Hajanijibu bado.

Kwa sasa ninafanya kidogo ninachoweza. Wiki jana finalisti mmoja alinipigia, anafanya kazi juu ya mahindi kule Sange. Nilimtumia karatasi ya Ruzizi, na maelezo yake, dakika ile ile. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mkubwa, hii uliinunua ngapi?"