Juu ya Picha za Kwa Kinyozi

Wengi wenu mmekwisha kukaa katika kiti cha kinyozi, huko Butembo kando ya barabara kubwa ao huko Beni karibu na soko, mkautazama ubao wa picha unaotundikwa ukutani. Vichwa makumi mbili ao tatu, kila kimoja na namba yake. Kijana anasema, "Unikate namba saba," na kazi inaanza. Lakini siku hizi ubao ule haupakwi tena rangi kwa mkono. Ni karatasi kubwa iliyochapwa kwa mashini, na chini ya vichwa wameongeza miili: wanaume wa inchi za mbali, kifua wazi, tumbo limegawanyika vipande vipande kama chokoleti. Kinyozi hanyoi tumbo. Nilimwuliza sababu ya kuweka picha zile, akajibu: "Padri, watu wanapenda kuangalia." Juu ya jibu hilo ninaandika leo, kwa maana sisi mapadri na makatekista tumezoea kuhukumu mavazi ya mabinti, lakini juu ya macho ya vijana wanaume hatusemi neno.

Wengine watasema: ni majivuno tu, tuwahubiri unyenyekevu. Mimi sikubali upesi. Majivuno yako, ndiyo, lakini kijana anayetazama picha ile mara nyingi hajivuni. Anaona haya.

Tena jambo hili si jipya katika Kongo. Katika miaka ya 1950, huko Léopoldville, vijana walitoka kwenye sinema za kauboi wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa kitambaa shingoni, walitembea kwa mwendo wa mpanda farasi ambaye hajapanda farasi hata siku moja, wakatengeneza lugha yao, Hindubill. Walitaka kifua na mikono ya kuogopesha watu. Padri mmoja wa Scheut, Joseph de Laet, hakuwafukuza. Aliingia kati yao mpaka wakamwita Padri Buffalo. Kazi yake ninaisifu, kwani aliona kwamba mtu anayeiga sinema anatafuta jina, na jina hilo hakulipata nyumbani wala shuleni.

Wakati ule ule, katika Kasai, padri mwingine wa Scheut, Albert Van Haelst, alikuwa akifanya sinema zake mwenyewe za kuchekesha na kufundisha Wakristu. Wachezaji wake wawili wakubwa waliitwa Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Watu walicheka sana, nami nikiona vipande vyake leo ninacheka. Lakini tuwe na macho ya mkosoaji. Kicheko kinatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka katika mwili. Mnene akianguka tunacheka kwa sababu ni mnene. Ufundi huo ni wa zamani, Wazungu nao walikuwa na Laurel na Hardy, na sisemi kwamba padri yule alikuwa na nia mbaya. Ninasema tu kwamba misioni nayo ilifundisha watu kusoma tabia ya mtu katika unene wake. Tusiitupie telefone makosa yote.

Kwetu katika Kivu ya Kaskazini kuna sababu nyingine, nayo ni nzito kuliko sinema. Mwembamba kwetu anaonwa kuwa mgonjwa. Katika miaka ya 1980, ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita UKIMWI kwa jina la Slim, maana yake mwembamba, na neno lilivuka Kasindi pamoja na mizigo ya wafanya biashara. Toka wakati ule, mtu akipunguka kilo, majirani wananong'ona. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kule Mangina, nayo haikutangazwa kuwa imekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Katika miezi ile kila mwili uliolegea ulitazamwa kwa woga. Basi kijana mwembamba wa Butembo anapigwa kutoka pande mbili: telefone inamwonyesha kifua asichokuwa nacho, na mtaa unamwuliza kama ni mzima. Zaidi ya hayo, tajiri wa soko anamwonyesha sura ya tatu, yaani tumbo la mkubwa, lenye kusema kwamba nyumbani kuna chakula. (Sisi mapadri tuko katika ubao huo. Padri akinenepa, wakristu wanasema: parokia inamtunza vema.) Picha hizi tatu hazipatani, lakini zote zinamwambia neno moja: wewe hautoshi.

Na huko Beni, ambako watu wanauawa mashambani na vijijini tangu Oktoba 2014, iko sura ya ine. Katika telefone zinapita picha za vijana wenye bunduki, mikono imefura, na hadisi za dawa za Mai-Mai zinazogeuza risasi kuwa maji. Ninaziweka pamoja na picha za kinyozi bila kusita. Mwili wa chuma na mwili usiopenywa na risasi vinatoka katika ndoto moja, ndoto ya mtu aliyechoka kuogopa. Mwenye kuicheka ndoto hiyo hajalala usiku mmoja katika kijiji cha upande wa Oicha.

Sasa niseme kosa langu. Miaka michache iliyopita, katika parokia nilimokuwa, tulitayarisha mchezo wa Pasaka. Nilitafuta mtu wa kuwa Lazaro. Katika kwaya alikuwamo kijana mmoja, mrefu, mwembamba sana, mwenye sauti nzuri. Nilisema mbele ya wote: "Huyu hahitaji hata kupakwa unga, ametoka kaburini tayari." Watu walicheka, naye alicheka. Alicheza vizuri. Kisha Pentekoste hakuonekana katika kwaya, na mwezi uliofuata nilimkuta njiani, uso umevimba, mviringo kama mwezi, nikamsifu kwamba amenenepa! Mama yake ndiye aliyeniambia. Alikuwa akinunua vidonge sokoni, mchanganyiko wa deksametazoni na siproheptadini, vile wauzaji wanavyoviita dawa ya kutoa mwili. Siproheptadini inaleta njaa na usingizi. Deksametazoni inavimbisha uso, inapandisha sukari katika damu, inalegeza mifupa, tena mtu aliyeizoea akiiacha kwa ghafula anaweza kuanguka, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza hormoni yake. Yeye aliiacha kwa ghafula, siku feza zilipokwisha. Alilazwa siku tisa. Aliponyoka.

Nimeungama. Lakini kuungama hakunizuizi kuuliza kama mkosoaji: mchezo wetu ulikuwa na tofauti gani na ubao wa kinyozi? Nilichukua mwili wa mtu, nikaufanya mfano mbele ya macho ya watu.

Ninyi mafrateri mtakaosoma Mababa wa Kanisa mtaona kwamba neno hili lilijadiliwa zamani. Tertullianus na Klementi wa Aleksandria walifikiri kwamba Bwana wetu hakuwa na uzuri wa sura, wakimfuata Isaya juu ya mtumishi mwenye mateso. Yeronimo na Yoane Krisostomo walifikiri kinyume, wakifuata zaburi ya harusi ya mfalme. Injili zenyewe hazisemi urefu wake, wala kilo zake, wala rangi ya macho yake. Ni ajabu kwamba mahali Injili iliponyamaza, karatasi zetu za kuchapwa zilisema sana: Yesu mweupe, mwembamba wa kupendeza, nywele zimechanwa. Tumezitundika katika kila kapela, halafu tunamshangaa kijana anayetundika za kwake.

Afazali picha ya Floribert Bwana Chui, aliyetangazwa mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa mpakani, aliyekataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite, nao wakamwua mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Picha yake ni fotografia ya mtu wa kawaida, unaweza kumkuta namna ile kwenye foleni ya maji. Niliipeleka kwa kinyozi wangu. Aliipokea kwa heshima, akaiweka juu ya kioo, mbali na ubao, kwa maana, alisema, hakuna namba ya kumpa.

Mwaka huu tulicheza tena Pasaka. Nilimwomba yule kijana awe Pilato, mwenye maneno mengi na kanzu pana. Alikubali. Siku ya mchezo jua lilikuwa kali, naye alitoka jasho jingi, nami nikamsaidia kuvua kanzu nyuma ya pazia. Ndani alivaa shati, na chini ya shati koti la baridi, na chini ya koti shati jingine. Alinitazama. Nilimpa maji.