Ngano Zetu Zisafishwe Kiasi Gani?

Ngano inapotoka barazani na kuingia darasani, mara nyingi hupunguzwa makali. Mzazi katili hugeuka mzazi mkali tu, anayepaswa kufa huzimia kisha akaamka, na mwishoni wote huishi raha mustarehe. Kwa kuwa wanafunzi wetu wengi watakuwa walimu wa shule za hapa Old Kampala na kwingineko nchini, tumeona vema kulijadili suala hili: je, mwalimu wa Kiswahili ana haki ya kuisafisha ngano, na kwa kiasi gani?

Mfano unaotajwa sana ni wa Ujerumani. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa juzuu ya kwanza ya ngano zao mwaka 1812. Humo, anayetaka Schneewittchen auawe ni mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 akawa mama wa kambo. Ngano fupi ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinja iliondolewa kabisa mwaka huohuo. Hata hivyo, wasomaji wengi hawajui upande wa pili wa jambo hili. Ndege wanaowadonoa macho dada za Aschenputtel hawamo katika toleo la 1812, waliongezwa 1819. Kwa hiyo Wilhelm Grimm hakuwa akiondoa ukatili kwa jumla. Alilinda heshima ya mama mzazi, na wakati huohuo akawazidishia waovu adhabu. Usafishaji wa ngano humweleza msafishaji kuliko unavyomweleza mtoto.

Tuje kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, alichapisha London kitabu cha ngano alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani kutafuta punje za mtama anaokota thumni na kumnunua paa. Paa huyo, kwa akili na ujasiri wake, anamfanya bwana wake aonekane sultani, anamwoza binti wa mfalme, na kuliua joka lenye vichwa saba ili ampatie nyumba. Kisha paa anaugua. Bwana wake hataki hata kwenda kumtazama. Anaamuru apewe uji duni. Paa anakufa na kutupwa kisimani. Mwishowe yule bwana anaota kuwa yumo jaani akichakura kama zamani. Anapoamka, ndipo alipo.

Fikirini ngano hii ikiishia kwenye arusi, au paa akipona na kusamehe. Itabaki hadithi ya mtu aliyebahatika kupata mnyama mwerevu. Maana yake yote imo katika ule uji duni. Mtoto asiyeruhusiwa kumwona paa akifa hatajua kwa nini bwana yule amerudi jaani, wala hatajifunza lolote kuhusu fadhila na utovu wa shukrani. Aidha, ngano za kitabu hicho zina watumwa, na kuwafuta ni kufuta habari za Unguja yenyewe wakati ule.

Hali ni hiyohiyo kwa kisa cha Kintu na Nambi, ambacho kila mtoto wa Buganda hukisikia, na ambacho John Roscoe alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1911. Nambi anarudi kuchukua wimbi la kuku wake, na nduguye Walumbe, yaani Kifo, anamfuata hadi duniani na kuanza kuwaua watoto wao. Mwalimu anayekikatiza kisa pale wanandoa wanaposhuka duniani amesimulia safari ya maharusi. Swali ambalo kisa kilitungwa kulijibu, kwamba kwa nini tunakufa, halikuulizwa. Na watoto wetu huhudhuria misiba; swali hilo wanalo tayari.

Pana hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Fanani hodari daima hupima hadhira yake. Bibi hawasimulii wajukuu wa miaka mitano kama anavyowasimulia watu wazima. Wala maandishi ya Steere si "asili" isiyo na doa, kwani naye alichagua wa kumsikiliza na la kuchapisha. Hatusemi basi kwamba pana tini moja takatifu. Tunasema kwamba kubadili na kuficha ni mambo mawili.

Kilima cha Old Kampala kinatupa kielelezo. Ngome aliyoijenga Lugard kuanzia Desemba 1890 ilipisha ujenzi wa msikiti mkuu uliofunguliwa rasmi 2008, na nakala yake ikajengwa jirani. Nakala hiyo ina faida kwa mgeni, mradi aambiwe kuwa ni nakala.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanatosha. Kwanza, kila anayeandika ngano kwa ajili ya shule aeleze katika ukurasa wa mwanzo amebadili nini na kwa sababu gani. Pili, mwalimu asome toleo kamili kabla ya kufundisha toleo fupi. Tatu, katika madarasa ya juu matoleo yote mawili yawekwe mbele ya wanafunzi, nao waulizwe: nani alinufaika na mabadiliko haya? Swali hilo moja litawafundisha uhakiki kuliko orodha ndefu ya dhamira na wahusika. Mtoto anaweza kungoja kidogo kabla ya kukutana na Walumbe, lakini Walumbe abakie kitabuni akimngoja.