Istilahi za Kerezo: Viungo Vina Majina, Kasoro Hazina

Istilahi za ufundi hupimwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya mezani: neno hulinganishwa na neno la kigeni, huwekwa katika orodha, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Ya pili ni ya karakanani: fundi humweleza mwenziwe kasoro ya mashine, na mwenziwe, hata bila kuiona, hujua aanzie wapi. Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi za kerezo kwa njia ya pili, tukichukua mfano wa matengenezo ya kerezo dogo la zamani.

Yafaa kwanza tuseme machache juu ya jina lenyewe. Kerezo ni mashine inayozungusha chuma au mti mbele ya kisu kisichozunguka. Lugha yetu haikulipata neno hili juzi. Kitenzi kukereza kimo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kabla ya umeme kuwafikia. Hata hivyo, katika karakana za Majengo, Dodoma, tulichokisikia zaidi ni kuchonga: "mashine ya kuchonga vipuri". Hatuwalaumu mafundi, kwani neno lisilowafikia hawawezi kulitumia. Lakini kuchonga kuna upungufu. Mchonga vinyago hukituliza kigogo, na mkono wake ndio unaokwenda. Mkereza hukizungusha kitu chenyewe. Kasoro nyingi za kerezo hutokana na mzunguko huo.

Tuchukue kerezo la Myford ML7, lililoundwa Beeston, Uingereza, na kuanza kuuzwa miaka ya 1940. Lilipendwa hasa na watu wa ridhaa, waliojiundia nyumbani injini ndogo za mvuke. Karakana ya Beeston ilifungwa mwaka 2011. Kwa hiyo mwenye kerezo la namna hii huishi kwa matengenezo, na matengenezo huanza kwa maelezo. Hapo ndipo lugha yetu ya karakana inapokwama, kwa maana kila kasoro huelezwa kwa kitenzi kimoja tu: inacheza.

Nini kinacheza? Kwa uchache, neno hilo hubeba kasoro nne zilizo mbalimbali. Ya kwanza, shafti imelegea ndani ya beringi zake. Beringi za ML7 ni za metali nyeupe iliyo laini. Vumbi la kiangazi cha Dodoma likiingia katika oili, chembe zake huzama katika metali hiyo na kuisugua shafti kama msasa. Dawa yake ni kupunguza vibati vyembamba vilivyo chini ya vifuniko vya beringi, kimoja kimoja, mpaka nafasi iliyozidi iishe. Ya pili, shafti husogea mbele na nyuma kwa urefu wake. Hii hutibiwa kwa kurekebisha kola zinazoizuia, wala vibati havihusiki. Ya tatu, kitu kinachokerezwa huzunguka nje ya kitovu, ama kwa sababu ya uchafu katika hesi za shafti, ama kwa sababu shafti yenyewe imepinda.

Ya nne haimo katika shafti kabisa. Mpini wa kupeleka kisu kwa upana hukisogeza sehemu ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.54, kwa kila mzunguko. Nati yake ikilika, fundi anayegeuza mwelekeo huzungusha mpini huku kisu kimesimama. Ikiwa sehemu ya kumi ya mzunguko ni bure, kisu hubaki nyuma kwa milimita 0.254, na katika kipenyo kosa huwa maradufu, yaani takriban nusu milimita. Beringi haiwezi kuingia mahali pake kwa kosa la kiasi hicho.

Sasa fundi aliyeambiwa tu kwamba "inacheza" atafanya nini? Ni rahisi akaze beringi, maana ndizo zilizo mbele ya macho yake. Kama kasoro ilikuwa katika nati, atakuwa ameibana shafti iliyokuwa nzima, na beringi zitapata moto na kuungua. Hasara hiyo imeletwa na neno, si na mkono.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, kazi kubwa imefanyika ya kuvipa majina viungo vya mitambo. Hatuna ugomvi na gia, nati wala beringi. Yamekwisha kuwa maneno yetu. Tunachokikosoa ni desturi ya kuorodhesha nomino za viungo na kuacha maradhi yake. Tabibu anayejua majina ya mifupa yote, lakini kila ugonjwa akauita "maumivu", hatumwiti tabibu.

Wapo watakaosema kwamba fundi huijua kasoro kwa kuigusa, haihitaji jina. Hoja hiyo ina ukweli kwa fundi aliyekomaa. Lakini mwanafunzi wake ataandika nini katika daftari, na mteja aliye mbali atauliza nini?

Tunapendekeza majina manne, yote kutokana na maneno yaliyomo vinywani mwa watu. Kasoro ya kwanza iitwe mpwayo, kama nguo inavyompwaya mtu. Ya pili msogeo. Ya tatu myumbo. Na ya nne mwendo mtupu. Kucheza kubaki kuwa neno la jumla, la kuanzia mazungumzo, si la kuyamalizia. Tena kila orodha ya istilahi za mitambo iwe na sehemu ya kasoro, nayo isomwe mbele ya mafundi kabla ya kupelekwa kiwandani kuchapwa. Neno ambalo fundi wa Majengo hawezi kulitumia kumwelekeza mwanafunzi wake lirudishwe mezani.