Kuitazama Upya Sultan: Steringi, Suria na Hukumu ya Watazamaji Marafiki

Neno tamthilia limefanya safari ambayo taaluma yetu haijaifuata. Katika silabasi za fasihi ya Kiswahili, tamthilia ni maandishi: ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, yenye maonesho na maelekezo ya jukwaa, na mhakiki huisoma peke yake akiwa na kalamu mkononi. Mtaani, neno hilohilo limehamia kwenye hadithi ya runinga inayokuja vipande vipande, usiku baada ya usiku, mbele ya watu wanaokula, wanaozungumza na wanaobishana. Neno limehama, lakini mbinu za uhakiki zimebaki maktaba. Mhakiki wa tamthilia ya runinga bado huorodhesha dhamira, wahusika na matumizi ya lugha kana kwamba kazi imemfikia ikiwa ndani ya jalada.

Makala haya yanahakiki tamthilia mbili za Kituruki zilizowafikia watazamaji wetu kwa Kiswahili, moja ya zamani kidogo na nyingine mpya zaidi, kwa kuzitazama jinsi zinavyotazamwa kwa kawaida, yaani pamoja na marafiki. Ya kwanza ni Muhteşem Yüzyıl, iliyorushwa Uturuki kuanzia Januari 2011 hadi Juni 2014 katika sehemu 139, na ambayo watazamaji wa Azam TV waliijua kwa jina fupi la Sultan. Ya pili ni Kuruluş: Osman, iliyoanza mwaka 2019. Hoja yangu ni kwamba kuirudia kazi ya zamani pamoja na watu walioitazama ilipokuwa mpya, huku kazi nyingine ikiwa bado inazusha mabishano, ni tendo la uhakiki lenye uzito wake. Tendo hilo limefichua katika Sultan jambo ambalo usomaji wa dhamira hulipita kwa urahisi, nalo ni utumwa.

Kundi ninalolirejelea ni la watu watano, nikiwamo mimi: muuguzi, fundi cherehani, mwalimu wa historia wa sekondari na mfanyabiashara wa vitambaa aliyekulia Unguja. Hawakuwa watafitiwa kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Hapakuwa na hojaji wala usaili uliopangwa. Tulikuwa na runinga moja, kisimbuzi kimoja na mazoea ya miaka. Maneno yao ninayoyanukuu nimeyapata kwa idhini yao, na majina yao hayatajwi.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, alitupatia dhana ya upeo wa matarajio: msomaji haendi kwenye kazi akiwa mtupu, bali akiwa amebeba kazi alizokwisha kuzisoma. Kwa mtazamaji wa Kiswahili, upeo huo una jina la mtaani lenye nguvu kuliko istilahi yoyote ya darasani. Jina hilo ni steringi. Steringi ni mhusika anayebebwa na hadithi, na kanuni yake ya kwanza inajulikana hata kwa mtoto: steringi hafi. Kanuni hii imejengwa na miongo ya filamu za kivita na za Kihindi, ikakuzwa katika mabanda ya video na wasimuliaji wa aina ya DJ Lufufu wa Tanzania, ambao walitafsiri filamu ya kigeni papo kwa papo na kuitia viungo vyao. Mtafiti Matthias Krings aliifananisha kazi ya Lufufu na kuugeuza wali kuwa pilau, na mfano huo unafaa. Mtazamaji aliyelelewa na pilau hiyo huuliza kwanza: steringi ni nani?

Katika Sultan, mara ya kwanza, sote tulijibu bila kusita kwamba ni Hürrem. Sultani Suleiman ana jina la tamthilia na ana kiti, lakini anayehangaika, anayeanguka na kuinuka, ni yule binti wa kaskazini anayeingia kasri akiwa hana kitu. Kwa kumweka Hürrem katika nafasi ya steringi, tulikwisha kuamua namna ya kuwaona wengine wote. Mahidevran, mama wa Mustafa, akawa adui. Ibrahim Pasha akawa adui mwenye akili. Mama wa sultani akawa kizingiti. Fundi cherehani anakumbuka kwamba msimu mzima aliutumia kumlaani Mahidevran, mwanamke ambaye kosa lake, ukilitazama leo, ni kuwa wa kwanza.

Tuliporudia, tulianzia sehemu ya kwanza. Ina picha mbili zinazokwenda sambamba. Upande mmoja, mwaka 1520, Suleiman anapata habari za kifo cha baba yake na kuanza safari ya kwenda kutawala. Upande mwingine, binti aitwaye Aleksandra yuko merikebuni pamoja na wasichana wengine waliotekwa, akipiga kelele. Wote wawili wanaelekea Istanbul. Mara ya kwanza tuliziona picha hizi kama maandalizi ya mapenzi: hawa watakutana. Mara ya pili muuguzi alisema, "Jamani, huyu anapelekwa kuuzwa." Hakuwa amegundua jambo lililofichwa. Merikebu ipo pale pale, imepigwa picha kwa ukaribu, na kelele zinasikika. Kilichokuwa kimeifunika ni upeo wetu wa matarajio.

Kuanzia hapo neno lililotawala mazungumzo yetu halikutoka kwa waingiza sauti. Lilitoka kochini, kwa rafiki yetu wa Unguja, naye alilitamka kwa sauti ya chini: suria. Kwa msomaji wa Kiswahili neno hili halihitaji tanbihi, lakini uzito wake katika hoja hii unahitaji maelezo. Suria ni mwanamke mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Mtoto wake huzaliwa huru na hurithi kama wengine, ilhali yeye mwenyewe hubaki katika hali isiyo na jina kamili: si mke, na si mtumwa kama watumwa wengine. Kasri la Istanbul lilisimama juu ya mpango huo, na makasri ya Zanzibar vilevile. Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 Mtoni na kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, alikuwa binti wa Sultani Said kwa suria wa Kicherkesi aitwaye Jilfidan. Njia iliyowapeleka mabinti wa kaskazini Istanbul ilikuwa na tawi lililofika pwani yetu. Tena, amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar iliwaacha nje masuria, na iliwabidi kungoja hadi 1909. Watunga sheria walipofika kwenye mlango wa chumba cha ndani, walisita.

Sultan nayo inasita kwenye mlango huohuo, na hapa ndipo uhakiki wangu unapokuwa mkali. Waandishi wake wanajua kwamba Hürrem ni mtumwa. Wanamwandikia tukio la kuachwa huru, na baadaye ndoa, kama ushindi mkubwa. Lakini kati ya merikebu na ndoa wanaomba tukisahau alichoshinda ni nini. Kila chumba ni kizuri mno. Hariri, vito, taa na muziki vinafanya kazi ambayo hoja isingeweza kuifanya. Mwalimu wa historia alisema kwamba angeweza kuvumilia uongo wa tarehe, ila hawezi kuvumilia mapazia. Naliona hilo kuwa neno la haki, ingawa lina ukali wa mtu ambaye msimu uliotangulia alikuwa haruki hata sehemu moja.

Kuna hasara nyingine iliyotokana na kuingiza sauti. Meryem Uzerli, aliyeigiza Hürrem hadi mwaka 2013, alikulia Ujerumani, na Kituruki chake kilikuwa na lafudhi ya kigeni. Lafudhi hiyo ilimfaa mhusika, kwa kuwa kila alipofungua kinywa mtazamaji wa Kituruki alikumbushwa kwamba huyu ametoka kwingine, tena hakuja kwa hiari. Sauti yake ilipoondolewa, lafudhi nayo iliondoka. Je, angepewa Kiswahili gani badala yake? Tuliligeuza swali hili jioni nzima bila kulipatia jibu. Katika michezo yetu ya runinga, lafudhi ina kazi moja iliyozoeleka, nayo ni kuchekesha. Vioja Mahakamani vya Kenya vimeishi kwa miongo juu ya Kiswahili cha makabila mbalimbali kizimbani. Hatujawahi kuijenga lafudhi ya huzuni. Suria anayesema Kiswahili kilichovunjika angeangusha watu kwa kicheko, na suria anayesema Kiswahili sanifu amepoteza alama ya kutekwa kwake. Hili ni tatizo la historia ya tamthilia zetu kabla ya kuwa la studio yoyote ya sauti, na linastahili utafiti wake wenyewe.

Nisingeifikia hukumu hii kwa kuitazama Sultan peke yake. Osman ndiyo iliyotusukuma kuirudia, na sababu ya kwanza ilikuwa ndogo kabisa: sura. Burak Özçivit, aliyeigiza Osman, ndiye aliyekuwa Bali Bey katika Sultan. Fundi cherehani alimtambua mara moja na kudai kwamba huyu ni mtu yuleyule aliyepandishwa cheo. Kwa mtazamaji wa Kiswahili anayezipokea kazi hizi mfululizo, dai hilo si la kichekesho tu. Zinaonekana kuwa hadithi moja ya masultani, mwanzo wake na kilele chake. Uturuki hazikupokelewa hivyo. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo akiwa waziri mkuu, aliishutumu hadharani Muhteşem Yüzyıl kwa kumwonesha Suleiman kasrini ilhali, kwa maelezo yake, miaka 30 aliimaliza juu ya farasi. Miaka miwili baadaye shirika la utangazaji la taifa lilianza kurusha Diriliş: Ertuğrul, kazi iliyojaa farasi, ambayo mtayarishaji wake, Mehmet Bozdağ, ndiye aliyeiendeleza kwa Osman. Kwa hiyo, kazi ya pili ni sehemu ya ubishani na ya kwanza. Kiswahili kilizipokea zote mbili na kuuacha ubishi forodhani.

Ubishi huo tuliurudisha sebuleni bila kujua, kupitia wake wenza. Katika Sultan, Hürrem na Mahidevran ni maadui hadi mwisho, kwa sababu mfumo umewapa watoto wa kiume wanaowania kiti kimoja. Katika Osman, Bala na Malhun wanaanza kwa mvutano, kisha maslahi ya kabila yanawapatanisha. Wanashika panga na kuongoza watu. Mwanzoni muuguzi aliwapenda hawa wa pili: "Angalau hawa wanatoka nje." Baada ya wiki kadhaa akabadilika. Alisema wanatoka nje, ndiyo, lakini hawana la kutaka isipokuwa anachokitaka Osman. Hürrem amefungiwa ndani, na bado kila siku anataka kitu ambacho hakuna aliyemruhusu kukitaka. Nakubaliana naye. Kisanaa Sultan ni kazi bora zaidi, na ubora huo umesimama juu ya jeraha lilelile ambalo mapazia yake yanalificha. Osman haina cha kuficha, na kwa hiyo ina kidogo cha kufichuliwa.

Mtahini anaweza kuuliza kama mazungumzo ya marafiki yanafaa kuwa ushahidi. Stanley Fish aliandika mwaka 1980 kuhusu jumuiya za ufasiri, na ingekuwa rahisi kujificha nyuma yake. Lakini pingamizi lenye nguvu halihusu nadharia. Marafiki huoneana haya. Rafiki yetu wa Unguja, baada ya kulitamka lile neno, alikaa kimya kwa sehemu nyingi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Sote tulijua kwamba katika ukoo wake yumo bibi aliyekuwa suria, na kwamba nyumbani kwao hilo halisemwi mbele ya wageni. Msaili asiyemjua angemuuliza, naye angejibu kwa adabu, na jibu lingeandikwa. Sisi tuliunyamazia ukimya wake. Hapo urafiki ulinyima utafiti data na kuupa kitu kingine.

Alizungumza tulipofika kwenye kuuawa kwa Mustafa. Ni tukio la mwaka 1553 kihistoria, lililorushwa Uturuki Februari 2014: mtoto anaingia katika hema la baba yake na hatoki hai. Fundi cherehani alimlaumu Hürrem kwa fitina zake, kama tulivyomlaumu sote mara ya kwanza. Mwalimu alimlaumu sultani. Mimi nilianza kueleza jinsi kanuni ya steringi inavyovunjika pale ambapo steringi anakuwa sababu ya kifo tunachokililia.

"Mnamwita steringi," akasema rafiki yetu. "Huyo si steringi, shoga zangu. Huyo ni mtu aliyeokoka. Aliyeokoka hachagui anamkanyaga nani."

Mwalimu alipinga. Alisema kuokoka hakumpi mtu ruhusa ya kuua, na mabishano yaliendelea hadi sehemu iliyofuata ikaanza na kwisha bila mtu kuitazama. Hatukuafikiana. Katika sura ya nne ya tasnifu yangu nimeyaweka maneno hayo, pamoja na upinzani wa mwalimu, ndani ya mwili wa hoja, kando ya wahakiki waliochapishwa, pale ambapo desturi ingeyapeleka kwenye kiambatisho.